Shati la Siku ya Shukrani

Mama aliniagiza nishone shati la ndugu yangu mdogo wakati mwaka mzima ulikuwa umeshapita tangu ziwa limmeze. Shati jeupe la mikono mirefu, la kuvaa kanisani siku ya shukrani, siku atakaporudi. "Usilibane kifuani, nyara, binti yangu," aliniambia kwa simu. "Huko aliko huenda amenenepa." Mimi ni fundi wa cherehani hapa Migosi, Kisumu. Nimeshonea watu wa kila umbo, na wasumbufu kweli kweli, lakini mtu ambaye hayupo sikuwa nimewahi kumshonea. Nikashona. Ungemwambia nini mama kama yule?

Ndugu yangu alikuwa akivua na wenzake upande wa Bondo, dhoruba ikapindua boti yao. Wenzake waliokolewa. Yeye hakuonekana, si mzima si maiti. Tulitembea ufukoni hadi miguu ikavimba, tukifunua magugu maji kwa fimbo. Kisha siku moja, katikati ya maombi kanisani, Mama akasikia sauti ikimwahidi kwamba atamwona mwanawe kwa macho yake mwenyewe. Alirudi nyumbani uso unang'aa. Tangu hapo neno "marehemu" likawa marufuku katika boma letu. Ukilitamka tu, "Shindwe!" na anakutoa nje, hata uwe mgeni.

Na mimi niliamini, haki ya Mungu niliamini. Nilifunga, nikaomba. Namba ngeni ikipiga, moyo unaruka. Wapi! Ni mteja anaulizia sketi yake. Imani yangu haikuvunjika siku moja. Ilichakaa tu kama shuka, mpaka siku unaliinua unaona mwanga upande wa pili.

Kwetu, mtu akipotea ziwani na mwili usipatikane, huzikwa yago badala yake. Yago ni tunda la mvungunya, refu, la kijivu, zito kama mtoto mchanga. Linachimbiwa kaburi, linaliliwa kama mtu, na wenye kubaki wanapata kupumzika. Baba mdogo alimwendea Mama na habari hiyo mara nyingi.

"Shemeji, mtoto alale kwao sasa."

"Nikizika tunda," Mama alimjibu, "nitakuwa nimemwambia Nyasaye, Mungu wetu, kwamba ni mwongo."

Kanisani walimsifu kwa msimamo wake. Yawa! Ni rahisi kumsifu mtu kisha ukaenda zako kulala. Mama hakuwa akilala. Mlango wake aliacha kuufunga kwa komeo, ndugu yangu asije akakuta umefungwa. Ikaingia mvua, wakaingia mbuzi, yeye hakuingia.

Mwaka huu Mama alianza kumimina chai nje ya kikombe. Nilimleta Kisumu, nikampeleka kwa daktari wa macho. Daktari alikuwa mtu mpole, na sikupenda upole wake. Alisema ni presha ya macho, tumechelewa, mwanga ulioondoka haurudi, na uliobaki nao unaondoka. Mama alimshukuru, akachukua mkoba wake.

Nilikuwa nikimrudisha nyumbani, tukafika Kisian. Hapo akanishika goti. "Mwambie baba yako mdogo atafute yago."

"Mama, una hakika?"

"Ningali naona kidogo," akasema.

Sikuelewa. Nilidhani amekata tamaa kama mimi, na aibu yangu ni kwamba nilisikia nafuu.

Baba mdogo alileta tunda. Mama akaamuru livalishwe lile shati. Nililivalisha mwenyewe, nikafunga vifungo vyote, mikono mitupu nikaikunja mbele. Kaburi lilikuwa limechimbwa kando ya nyumba ya ndugu yangu. Kabla tunda halijateremshwa, Mama akasema, "Nileteeni." Akalipakata. Akafungua vifungo viwili vya juu, akasogeza uso karibu, akageuka juani, akatazama. Alitazama muda mrefu hata watu wakaacha kulia.

"Baba, ndiye huyu?" akauliza. Baba yetu alishafariki zamani. Hakuwa akimwambia yeye.

Hata upepo haukuvuma. Nilingoja, jamani, mimi niliyeacha kungoja, niliomba kwa ukali nijibiwe chochote kile.

Mama akafunga vifungo. "Haya," akasema kwa sauti, watu wote wasikie. "Nimemwona kwa macho yangu. Nyasaye amesema kweli."

Ndugu yangu alipokuwa mdogo, akivunja kitu, Mama alikuwa akimwahi Baba mlangoni na kusema, "Ni mimi nimevunja." Pale kaburini alisema kwa sauti ile ile.

Nilimkasirikia Mungu. Udongo ulipokwisha kurudishwa, Mama alinyoosha mkono hewani akinitafuta, nikaushika, nikamwongoza hadi nyumbani. Alipoingia ndani, akaufunga mlango kwa komeo.