Sabuni Ndani ya Mzigo wa Majani

Siku moja ambayo sijaweza kuisahau, mwanangu Godlisten, nilimwamkia mama mmoja shikamoo, akaniitikia marahaba kwa upole, kisha nikamnyang'anya mzigo wake. Nakuanzia hapo kwa sababu jana ulikaa kwenye kiti hicho hicho, na buti zako mpya za kazi ya mgambo wa mji, ukanisimulia mimi baba yako mkubwa jinsi mnavyowafukuza akina mama wa ndizi kando ya barabara kule Moshi mjini. Ukasema yule anayekaa mkabala na duka la spea, mwenye kilemba cha kijani, alikuwa mbishi, ukalipiga teke beseni lake mpaka ndizi zikatapakaa mtaroni. Baba yako alicheka. Mimi nilikiweka kikombe chini.

Leo utanisikiliza mpaka mwisho. Nina hasira, na sitajifanya sina, maana mzee anayemchekea kijana kwa jambo la aibu amemkosea kuliko anayemchapa.

Wewe umezaliwa umekuta maduka yamejaa. Hujui sisi tuliishije katika miaka ile ya mwisho kabla ya ruksa, kabla biashara haijafunguliwa. Hapa kwetu Kirua Vunjo duka la kijiji lilikuwa na viberiti, chumvi ikibahatika, na karani aliyesinzia. Sukari tulipanga foleni. Sabuni ndiyo usiseme. Tulifua kwa majani ya mpapai, na watoto walitoka vipele ambavyo vilikwisha baada ya miezi. Kahawa tulikuwa nayo, ndizi zilijaa kihambani, shamba letu la nyumbani, ng'ombe alikuwa zizini, na bado mtu alizikwa kwa shuka ya kuazima. Huo ulikuwa umaskini wa kutupwa, mwanangu, na haukuletwa na uvivu wa mtu.

Ng'ambo ya mpaka, Taveta upande wa Kenya, sabuni ilikuwepo. Wanawake wetu walishuka na ndizi zao, wakauza huko, wakarudi na sabuni, mafuta ya kupikia, kitenge. Serikali iliita hiyo magendo, na mwenye kuifanya aliitwa mlanguzi. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano, mgambo wa kijiji, nina rungu na kofia. Kamati yetu iliniweka kwenye kizuizi cha kamba chini ya mteremko. Ilinijaa kichwani kwamba nalinda nchi.

Siku hiyo, jua likiwa limeanza kulegea, walipanda akina mama watano kwa mstari, kila mmoja na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Unajua mama zetu walivyoyafuata majani huko tambarare na kuyapandisha mlima kila siku. Wa mwisho alikuwa Mama Aikande, jirani yetu, mjane. Nikamwamkia, akaitikia. Nikataka kumwachia apite. Kisha nikaangalia mzigo wake.

Mzigo wa majani mabichi hunesa mtu akitembea. Ule haukunesa. Na shingo yake ilikuwa imezama kwenye ngata kuliko majani yanavyoweza kuizamisha. Nani alinifundisha kujua hayo? Mama yangu, ambaye tangu nikiwa mdogo nilimwona akipanda mlima na mzigo kama huo ili mimi ninywe maziwa. Nilichukua nilichojifunza kwenye shingo ya mama yangu nikakitumia kumkamata mama wa mwenzangu.

"Tua mzigo, mama," nikamwambia.

"Elisante," akasema, "unishushie chini taratibu. Ndani kuna viatu vya mtoto."

Nikaukata mzigo. Mlikuwa na miche minne ya sabuni, shuka mbili nyeupe na viatu vyeusi vya ngozi vya msichana. Aikande, binti yake, alikuwa amechaguliwa kwenda sekondari ya bweni, msichana pekee wa darasa lake. Shule ilikuwa imetuma orodha ya vitu vya kuja navyo, na ilikuwa imebaki siku tatu afike. Vitu hivyo havikuwepo kwenye duka lolote ambalo mtu wa kawaida angeingia. Mama Aikande alinieleza yote hayo akiwa amesimama, bila kulia. Akaniambia anihesabie ndizi zote alizouza, nione kama aliiba hata kidole kimoja. Mimi nikamjibu, "Sheria ni sheria." Nilikuwa nimelisikia neno hilo kwa mwenyekiti wa kamati nikalipenda.

Vile vitu nilivipeleka ofisi ya kijiji. Niliambiwa vitagawiwa wananchi. Jumapili iliyofuata binti wa mwenyekiti alikuja kanisani na viatu vyeusi, vinalia kwaa kwaa mpaka mbele. Shuka sikuziona tena. Na mimi, kwa uzalendo wangu, nilipewa mche mmoja wa sabuni.

Nilikwenda nao nyumbani nikijisikia mwanaume kamili. Mama alikuwa uani anamenya ndizi za kupika, mikono myeusi kwa utomvu, ule utomvu ambao bila sabuni haukutoki siku tatu. Nikamwekea sabuni mapajani. Akainusa. Akaniuliza imetoka wapi, nami nikamwambia.

Mama yangu hakuwa mtu wa kelele. Aliichukua ile sabuni kwa ncha za vidole, akaiweka chini, akaisogeza mbali kwa mguu.

"Utomvu huu nimeupata kwa kazi yangu," akasema. "Nitakaa nao. Hiyo sabuni itamtakatisha nani?"

Nikaanza kumweleza habari za walanguzi. Akaniangalia mpaka maneno yakaniishia. Akasema mlanguzi ni yule anayeficha kitu ili watu wateseke, na Mama Aikande alikificha ili mtoto asome. Akasema kama mimi sioni tofauti ya watu hao wawili, basi nivue ile kofia, kwa sababu chini yake hakuna kitu. Kisha akaenda kwenye mpaka wa kihamba akakata jani la isale.

Nyie vijana masale mnayaona ni ua la uzio. Sisi Wachagga mtu akikujia na isale mkononi kuomba radhi, hata kama amekuumiza namna gani, humkatalii. Nikaenda nalo, na ule mche wa sabuni. Mama Aikande alikuwa anakamua ng'ombe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akapokea jani, akaliweka juu ya mlango wake.

"Kwa ajili ya jani nimekusamehe," akasema. "Lakini Aikande haendi shule kwa jani."

Aikande alikwenda bila vitu, na shule ikamrudisha langoni. Mama yake aliuza mbuzi, akahangaika mwezi mzima, akavipata vitu vyote. Walipofika, nafasi ilikuwa imeshapewa mwingine. Majuto ni mjukuu, mwanangu, na yangu yamekuwa mjukuu anayekaa na mimi humu ndani kila siku.

Basi yule mama akanipa adhabu yake mwenyewe. "Jumamosi utanibebea ndizi mpaka sokoni, na utakaa nami." Unacheka? Wakati ule mwanaume wa hapa alikuwa na kahawa yake, na ndizi zilikuwa mali ya wanawake. Mwanaume kubeba mkungu kichwani kwenda gulioni ilikuwa sawa na kuvaa gauni. Nilibeba. Rafiki zangu walisimama njiani wakaniimbia kwamba Elisante ameolewa. Nikakaa juu ya majani makavu ya migomba katikati ya akina mama, mwanaume peke yangu, na pale ndipo nilipofumbuliwa macho. Niliona ndizi zinavyogeuka chumvi, chumvi ikageuka daftari, daftari likageuka mtoto anayejua kusoma. Nilimwona Mama Aikande akimwongezea bibi kizee chane bila kuambiwa. Hapo hapakuwa na mnyonyaji wala mhujumu. Walikuwa watu wanaojitoa shimoni kwa kucha zao, na mimi ndiye niliyekuwa nimesimama juu ya shimo na rungu.

Nilibeba Jumamosi baada ya Jumamosi, mwaka ukapinduka. Kisha ruksa ikaja. Mpaka ukalegezwa, mwenye kuleta mali akaruhusiwa kuleta. Siku moja nikashuka naye Moshi mjini, tukapita duka la familia moja ya Kihindi ambalo zamani lilikuwa na rafu tupu. Dirishani wamepanga sabuni mpaka juu, ile ile, ya rangi ile ile. Mama Aikande akaingia, akalipa, akafungiwa mche mmoja kwenye gazeti. Akanigeukia mbele ya watu wote, akaninyooshea.

"Elisante," akasema, "nikamate sasa."

Sabuni haikuwa imebadilika. Yule mama hakuwa amebadilika. Ilibadilika karatasi tu, huko ofisini, na karatasi hiyo ilichelewa mwaka mmoja kumfikia mtoto wa watu. Nani atanilipia mwaka huo? Wakubwa walioandika ile ya kwanza ndio walioandika na ya pili, na sijamsikia hata mmoja akiomba radhi.

Juzi redioni nilimsikia mtaalamu akisema watu wengi duniani wametoka kwenye ufukara kwa sababu masoko yalifunguliwa. Sikumbishia. Nimeona mwenyewe nyumba za majani zikipata bati, na watoto wa yule mjane waliofuata wakasoma kwa ndizi. Nimeona na mengine: wanunuzi wa kahawa walikuja na mizani ya wizi, bei ikaanguka, wanaume wazima wakang'oa mibuni wakilia. Soko si malaika. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Alivyosema yule mtaalamu ungedhani soko lilifunguliwa na watu wenye tai. Huku kwetu lilifunguliwa na akina mama waliobeba sabuni ndani ya majani, wakikamatwa na wapumbavu kama mimi, na kesho yake wakishuka tena.

Na sasa wewe! Umekula ndizi tangu huna meno, umevaa sare iliyofuliwa kwa sabuni ya dukani, halafu unampiga teke mama anayeuza ndizi? Kama njia imeziba, mwoneshe pa kukaa, umsaidie kuhama. Nani alikufundisha teke? Tuliambiwa soko ni huria. Huria kwa nani, kama mwenye kontena anapigiwa saluti na mwenye beseni anapigwa buti?

Yule mama wa kilemba cha kijani, mkabala na duka la spea, unamjua jina? Mimi namjua. Anaitwa Aikande. Ndiye aliyerudishwa langoni. Mara ya kwanza ni mimi niliyemmwagia vitu vyake, na mara ya pili ni mwanangu.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, na usiniambie sheria ni sheria, maana hilo nililisema kabla yako. Ukipewa rungu, muulize kwanza unayemwendea amebeba nini na anampelekea nani. Amri inayokutuma umnyang'anye mtu anayetafuta chakula kwa jasho lake, ichunguze mara mbili, kwa sababu kesho itabadilishwa na wewe ndiye utakayebaki na uso wako. Na ukikosea, usingoje uzee kama mimi.

Isale liko pale mlangoni, nimelikata asubuhi. Utampelekea leo. Atalipokea, maana amelelewa vizuri kuliko sisi. Lakini usidhani jani peke yake linatosha. Pale nyuma ya zizi kuna mikungu miwili imekomaa. Utaibeba wewe mwenyewe, kichwani, na buti zako hizo hizo, mpaka pale anapokaa. Wenzako wakiimba, waache waimbe.

Nenda, mwanangu. Ruwa, Mungu wetu, akupe shingo ya kubeba na macho ya kuona, na siku utakayomwamkia mama wa mtu shikamoo, mkono wako ufanane na salamu yako.