Marijani Aomba Hewa

Marijani Mwishehe, mume wa shangazi yangu Tunu, alizaliwa Msasani wakati Msasani bado ni kijiji cha wavuvi. Baba yake alimfundisha kuzamia pweza tangu mdogo, bila kifaa chochote isipokuwa chuma cha kuchomea na kifua chake mwenyewe. Alikaa chini ya maji mpaka walio juu wakaanza kumsomea dua. Nyumbani alijulikana kwa jambo jingine. Mgeni akifika wakati wa chakula, Marijani alikaa naye kwenye sinia akila polepole, akisukuma minofu ya samaki upande wa mgeni, na mwisho akisema ameshiba. Shangazi alijua hajashiba. Watu wa pwani wengi wako hivyo, lakini yeye alizidi.

Miaka michache baada ya Azimio la Arusha, bandarini walichoka kuita wazamiaji kutoka nje kila kamba iliponasa kwenye pangaboi la meli. Wakaamua kufundisha watu wa hapa. Marijani, aliyekuwa kuli wakati ule, alichaguliwa mapema. Mwenzake akawa Kornelio, kuli kama yeye, Mmakonde wa Newala aliyepanga chumba Temeke na ambaye bahari aliiona akiwa mtu mzima. Mkufunzi wao, Adelard, aliwaambia wazi: mtapimwa wawili wawili. Mmoja akianguka, mmeanguka wote, mnarudi kubeba magunia.

Jambo lililowashinda lilikuwa kugawana hewa. Mtungi wa mmoja ukiisha chini ya maji, wawili hutumia kipumulio kimoja, kile kipande cha mpira kinachoumwa mdomoni. Unavuta pumzi mbili, unampa mwenzako, naye anavuta mbili, anakurudishia, huku mnapanda taratibu. Anayesubiri zamu haruhusiwi kubana pumzi. Lazima atoe mapovu kidogo kidogo, kwa kuwa hewa ya mtungini hutanuka kifuani mtu anapopanda, na anayeibana anaweza kupasuka mapafu.

Marijani alikosea yote mawili. Walipojaribu, mtungi wa Kornelio ukiwa umefungwa, alimpa mwenzake kipumulio na hakukidai tena. Alimwashiria kwa mkono: endelea, endelea. Yeye akabana pumzi kama alivyofundishwa na baba yake. Kornelio, asijue zamu ni ya nani, akavuta mpaka hesabu ikampotea. Marijani alipozidiwa akakinyakua, Kornelio akameza maji, wakaibuka kila mmoja upande wake. Puani mwa Marijani mlikuwa na damu.

"Wewe unataka kufa kwa adabu," Adelard alimwambia. "Jumamosi ndiyo mtihani. Mkirudia haya, mmekwisha."

Jioni ile Kornelio alimfuata mwenzake hadi nyumbani. Shangazi alitenga wali na samaki changu, na Marijani akaanza kusukuma minofu. Kornelio akairudisha.

"Kula, mgeni wetu," Marijani akasema.

"Mie mgeni mpaka lini? Kule chini unanipa hewa kama unanikaribisha wali. Unajiona mwenye bahari, mie nimekuja kutembea."

"Nyie watu wa bara maji mnayaogopa. Nikikusaidia, kosa?"

"Kosa. Nikijua utachukua zamu yako, mie natulia. Nisipojua, kazi yangu ni kukutazama kama unakata roho."

Shangazi, ambaye hakuwahi kuona mtungi wa hewa, aliuliza huo mpira unapitishwaje. Walipomweleza, akaleta kata ya maji na kipepeo cha ukili cha kupepea moto, akawakalisha mkekani. Mafunda mawili, mpe mwenzako. Anayesubiri avume kama nyuki, pumzi isilale kifuani. Anayekunywa funda moja akaacha anapigwa kipepeo, na anayekunywa matatu naye anapigwa. Aliyepigwa zaidi ni mwenye nyumba.

Jirani yao Mauwa alichungulia uani. "Tunu, hawa wamerogwa?"

"Wanajifunza kunywa maji," shangazi akajibu. "Wamezeeka bila kujua."

Waliendelea hivyo kila jioni, na Marijani akajifunza kudai kilicho chake.

Jumamosi makuli walijaa gatini kutazama. Wawili wale walishuka, Adelard akiogelea nyuma yao. Katika mazoezi mtungi uliofungwa siku zote ulikuwa wa Kornelio. Siku hiyo Adelard alifunga wa Marijani.

Alivuta, hakikuja kitu. Juu yake aliona mwanga. Masafa yale aliyapanda tangu utoto kwa pumzi moja, bila kutweta. Baadaye alisema kilichomshika pale chini hakikuwa hofu, kilikuwa aibu: atamwombaje mgeni wake? Nami nimeishi miaka ya kutosha kuona kwamba kutoa kunampendeza mtu mbele za watu, na kuomba kunamwacha uchi.

Marijani aligeuka. Akapitisha kiganja shingoni, kisha akaonyesha mdomo wake.

Kornelio alikuwa anamtazama tayari. Akamshika mkanda wa bega, akamsogezea kipumulio bila kukiachia. Marijani alivuta moja. Mkono wake ulitaka kukirudisha; akavuta ya pili. Kornelio akachukua zake mbili bila haraka, kama mtu anayekula kwake. Wakapanda hivyo, wameshikana, kila mmoja akivuma katika zamu yake ya kungoja, na waliokuwa gatini wakaona mapovu yanatangulia, halafu vichwa viwili kwa pamoja.

Adelard aliibuka nyuma yao. "Kuna meli ya nafaka, kamba imenasa kwenye pangaboi," alisema. "Jumatatu mtashuka nyinyi."

Makuli wakapiga makofi na vifuniko vya madebe. Marijani alishika ngazi, akatema maji ya chumvi.

"Kipumulio chako kinanuka tumbaku," akamwambia Kornelio.

"Na bado ulikiomba."

"Nilikiomba," Marijani akasema, akipaza sauti ili gati zima lisikie. "Nimemwomba Mmakonde hewa, na kanipa."