Mikia ya Samaki wa Daktari

Kwa miaka kumi na mmoja mfanya usafi wa kliniki ya meno, ambaye wenzake humwita Mama Ndoo, ameosha tangi la samaki la chumba cha kusubiri kwa namna moja tu: anatoa theluthi ya maji, anarudishia mengine yaliyokaa ndooni siku nzima ili dawa ya maji ya bomba itoke, na anafuta kioo kwa sifongo isiyowahi kugusa sabuni. Ndoo hiyo ina kitambaa chekundu kwenye kishikio chake. Anayethubutu kuitumia kwa kazi nyingine hukiona cha mtema kuni.

Ndiyo maana Jumatatu ile damu ilimchemka. Samaki wawili walikuwa wamekwisha kupoteza mikia, haijulikani kwa nini. Sasa wa tatu, wa dhahabu, mwenye mkia mrefu kama pazia, alibaki na kipande, akijisukuma kwa mapezi kama mtu anayetembea topeni. Daktari alitazama, akageuka, na mbele ya wagonjwa sita walioshika mashavu akasema, "Mama, nimekuomba mara ngapi usitie sabuni humu?"

Hakuwahi kumwomba hata mara moja. Mgonjwa mmoja, mzee mwenye kofia, alitikisa kichwa. Mama Ndoo alikamua sifongo yake, akaondoka. Maneno yote yalimjia alipofika stoo, tena kwa mpangilio.

Dada wa mapokezi alimfuata kumtuliza: ni samaki tu, na daktari mwenyewe keshasahau.

"Yeye kasahau," alijibu. "Na wale sita je?"

Akamtia yule wa dhahabu kwenye chupa kubwa ya kioo, kwa maji yaleyale ya tangini, akawa anayabadilisha kila siku kwa mengine ya tangi hilohilo. Kama yana sabuni, basi na afe. Baada ya wiki mbili mkia ulikuwa unaota, mwembamba, mweupe kama ukucha wa mtoto. Tangini, wa nne alikuwa amekatwa mkia.

Saa ya chakula cha mchana akaketi mbele ya kioo, akatazama. Kulikuwa na samaki watatu wa milia, zawadi ya mgonjwa mmoja, vipenzi vya daktari, walioletwa wiki moja kabla ya mkia wa kwanza kukatika. Mmoja alimsogelea mwenzake kwa nyuma, kama anayepita na hamsini zake, akadonoa, akaenda.

Alasiri, viti vimejaa, alibisha hodi kwa daktari, akamwomba atoke na miwani yake ya kukuzia. Akamwonyesha mkia wa samaki wa nne. Ulikuwa na pengo la nusu duara, kingo safi, bila kuoza.

"Wewe ni daktari wa meno," alisema. "Hiyo ni nini?"

Daktari aliinama, akaiona alama ya kuumwa, akawatazama wale wa milia. Kisha akanong'ona kwamba wenye milia watahamishwa, na yaishe.

"Hayajaisha. Sabuni hukuinong'ona."

Masikio yakamwiva daktari. Akawageukia watu, akasema wazi kwamba Mama hakutia sabuni, kwamba yeye ndiye aliyekosea. Mzee mwenye kofia, aliyerudi siku hiyo kuzibwa jino, akatazama sakafu.

 Mama Ndoo alikwenda mapokezi, akaomba daftari la miadi, akauliza wale watano wengine wanarudi lini.