Baiskeli Zilizokataa Kwenda

Mkasa huu siusemi ovyo, maana kila nikiukumbuka uso unaniwaka hata nikiwa peke yangu chumbani, lakini maadamu leo mmenikalia kooni nitausema, ila atakayecheka kabla sijamaliza atoke nje.

Wakati ule televisheni za rangi ndiyo kwanza zimeingia Unguja, na sisi wa Jang'ombe tuliwekewa moja katika ukumbi wa mtaa, juu ya kabati refu. Upande mmoja wa ukumbi ndipo vijana tulipokuwa tukinyanyua vyuma (vyuma kwa jina tu, vilikuwa makopo ya rangi yaliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa bomba la maji). Basi jioni upande huu watu wanatoka jasho, upande ule wazee wamekaa kwenye majamvi wanatazama televisheni, na mimi, niseme kweli, nilikuwa nikinyanyua kidogo na kutazama sana.

Sasa jueni na hili. Mjomba wangu alikuwa keshanipelekea posa kwa Mzee Shaali, babake Zuwena, na jawabu lilikuwa bado. Desturi yetu mnaijua, mtu hajibu posa mpaka ampeleleze kijana: anasali wapi, anakaa na nani, anasemaje mbele za watu. Kwa hiyo nilipomwona Mzee Shaali, ambaye hakuwa mtu wa televisheni hata kidogo, anaegesha baiskeli yake mlangoni na kuingia ukumbini, nilijua amekuja kunitazama mimi. Nikaacha vyuma, nikavaa shati, nikamwendea.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kaa hapa. Hebu nambie, hawa wanafanya nini?"

Nikatazama. Wanaume wawili wamepanda baiskeli kwenye njia ya mbao iliyoinama upande kama ukuta unaotaka kuanguka, mmoja mbele na mmoja nyuma yake, na hawaendi. Wamesimama. Miguu iko juu ya pedeli, baiskeli zinatikisika kidogo, wa mbele kageuza shingo anamtazama mwenzake, na umati mzima umekaa unawangojea. Mtangazaji anasema lugha ya huko huko kwao, wala si Kiingereza. Sikufahamu kitu. Ningesema "sijui, Mzee," mambo yangeishia hapo, lakini posa iko njiani, na mkwe asiyejua kitu nani anamtaka? Nikakumbuka mchezo wetu wa Sikukuu, ule wa kuendesha baiskeli pole pole, anayetia mguu chini ametoka na wa mwisho kufika ndiye mshindi.

"Hii resi ya pole pole, Mzee," nikasema, kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima. "Wa nyuma ndiye mshindi."

Wazee wakaridhika, hata wakaanza kumtia moyo yule wa nyuma, mwenye fulana nyekundu, "taratibu, baba, usiharakishe," na mimi kichwa kimenivimba. Mara mwekundu akachomoka, akampita mwenzake, akaenda mbio utasema anafukuzwa, akafika wa kwanza.

"Kashindwa," nikasema. "Subira imemwishia."

"Mbona anapunga mikono?" akauliza Mzee Shaali.

"Anaomba radhi."

"Na huyu anayemkumbatia?"

"Anampa pole."

Wakamvisha medali (ya dhahabu, na televisheni ni ya rangi, sina pa kujificha). Ukumbi mzima ukanigeukia. Na mimi nilikuwa nimechanganyikiwa kwelikweli, maana mpaka hapo nilikuwa nshaanza kuyaamini maneno yangu mwenyewe, na badala ya kunyamaza nikasema kazi kubwa ya mchezo huu ni kule kusimama, mbio ni mapambo tu, na kama hawaamini nitawaonyesha. Nikaenda mlangoni nikaitwaa baiskeli ya Mzee Shaali, bila ya idhini, nikaipanda katikati ya majamvi.

Na nilisimama, wallahi, mpaka nilipogeuka kutazama kama Mzee ananiona. Gurudumu likateleza juu ya jamvi, nikashika kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu ni waya wa eriali. Televisheni haikuanguka, alhamdulillahi, lakini picha ilipotea zikabaki chenga tupu, na watu walikuwa wanangojea taarab, na mimi na baiskeli tukaishia mapajani mwa Mzee Shaali.

Akaikung'uta kanzu yake, akaitazama pedeli iliyopinda, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, kwani ule mchezo ulikuwa unaujua?"

"Hapana, Mzee."

"Na mimi siujui. Ndiyo maana nikauliza."

Akaondoka akiikokota baiskeli yake.

Baada ya siku chache Mjomba akaitwa kupokea jawabu, akarudi hajui acheke au anune. "Hakukataa," akasema. "Kasema kijana wenu na angoje, asiwe na haraka, si mwenyewe kasema wa nyuma ndiye mshindi." Mjomba akasema hiyo ni ndiyo. Mama akasema hiyo ni hapana. Mimi nikaigeuza na kuigeuza, sikuipatia maana, nikaona afadhali nitulie nisije nikamkera tena, nikawa kila nikikutana na Mzee Shaali namwamkia, nainama, napita, sisemi neno.

Akaja mtu wa Mkokotoni, muuza dagaa, posa yake imepelekwa nyuma ya yangu kwa miezi, akaenda, akarudi, akabisha hodi, akabisha tena, na kabla ya Ramadhani Zuwena alikuwa mke wake. Nilikuwa nampenda Zuwena, na hili sitalifanyia mzaha. Nilialikwa nikaenda kula wali wa harusi, na tonge likiwa mkononi, halijafika mdomoni, ndipo nilipoufahamu ule mchezo. Yule wa mbele hakuwa akionyesha ustadi wa kusimama. Alikuwa akimchunga wa nyuma asije akachomoka akampita.

Tangu hapo nikiulizwa kinachochezwa kwenye televisheni nasema sijui, hata ukiwa mpira, ambao naujua.