Mama wa Kisegi aliyetaka kusikia shairi lake la maziko akiwa hai

Wakuu, salamu kwenu nyote. Hii nimeiweka moyoni muda mrefu na leo naitoa. Ni ya kweli, ila majina nimebadilisha kwa heshima ya wafiwa. Nitaenda polepole ili hata asiyejua mambo ya mashairi asiachwe nyuma.

Kwanza mjue kazi yangu. Mimi nachapisha vitabu vidogo vya mashairi hapa Migori mjini. Nikisema nachapisha, msifikirie jengo na mashine kubwa. Ni mimi, rafiki yangu Akinyi, laptop, printer moja yenye hasira na stepla ya mkono mrefu.

Mshairi analeta kazi, tunaisoma pamoja, tunabishana, tunakunja karatasi, tunapiga pini. Basi hicho ni kitabu. Tunauza sokoni, nje ya kanisa, popote mtu atakapokubali kusimama.

Wanaosimama si wengi. Lakini huku kwetu kuna mahali pamoja ambapo mshairi hakosi wasikilizaji, na hapo ni matangani.

Okoth alikuwa mshairi wa Kisegi, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa. Siku za wiki alishona nyavu, Jumamosi alishika mic. Familia ikifiwa ilimwita. Alikaa nao, akauliza marehemu alicheka vipi, aligombana na nani, alipenda chai ya namna gani, kisha akatunga. Siku ya maziko akisoma, hata wale waliokuja kwa ajili ya chakula walilia.

Mama yake alihudhuria mengi ya matanga hayo. Watu humwita Nyar Magunga, binti wa Magunga, kwa sababu ndiko kwao kabla hajaolewa Kisegi.

Siku moja wakirudi kutoka maziko ya jirani, akamwambia mwanawe, "Kila Jumamosi unasifu mama za watu. Yangu nitasikia lini?"

"Mama, yako ni ya siku yako."

"Siku yangu nitakuwa nimelala, mjinga wewe. Nitasikia na nini?"

Okoth alinisimulia hayo akicheka, siku alipoleta mashairi yake tuyafanye kitabu. Lakini alienda akaandika, kwa Dholuo, lugha ya mama, akaniletea.

Sasa wale wa mbali niwaeleze kidogo. Kwetu, mtu aliye hai haombolezwi. Kumtungia shairi la maziko ni kama kukiambia kifo njia ya kufika kwake. Si wote tunaamini, lakini hata sisi wa kanisani hatupendi kujaribu.

Kaka mkubwa wa Okoth, Ouma, aliposikia alikasirika kabisa. "Ukisoma hiyo kitu hapa nyumbani, usiniite ndugu yako."

Okoth hakutaka vita. Akaniambia, "Liweke kando kwanza. Ouma akipoa nitamsomea mama, halafu utalitia ukurasa wa mwisho wa kitabu changu."

Basi tukangoja Ouma apoe.

Mama naye hakunyamaza. Kila Okoth akija Migori alileta salamu: mwambie huyo msichana wa vitabu asipoteze yangu.

Halafu Okoth akaanza kuumwa na tumbo. Akalazwa Homa Bay. Nilienda kumwona na tukaongea juu ya rangi ya jalada. Alitaka kijani. Alisema akiweka bluu watu watadhani ni ziwa, na amechoka na ziwa.

Hakutoka pale akiwa hai.

Mnivumilie, hapa huwa nakwama.

Siku ya maziko nilifika Kisegi na vitabu vyake kwenye begi, bado bila jalada, na lile shairi nimelikunja peke yake.

Na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekifikiria. Mtu wa kuandikia watu wa Kisegi maneno ya mwisho ndiye aliyekuwa ndani ya sanduku. Eulogy iliyosomwa ilikuwa kavu: alizaliwa, akasoma, akaugua, ameacha mama na ndugu. Watu walisikiliza wakiangalia viatu vyao. Okoth angeona aibu.

Baada ya hapo mama akaniita mbele, alipokuwa ameketi karibu na sanduku. Ouma alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake.

"Nyathina," akasema, yaani mtoto wangu, "umekuja na yangu?"

Nikamtazama Ouma.

"Mama, si leo," Ouma akasema kwa upole. "Watu watasema unajiitia kifo."

Mama hakugeuka. "Ouma, tulificha shairi, na kifo kikaja. Kilikuja bila kuitwa na kikachukua mtunzi. Sasa unaficha nini?"

Ouma akafunika macho kwa kofia yake.

Nikasoma, bila mic, nimepiga magoti ili asikie. Watu wa mbele waligundua ni la maziko ya mama mwenyewe, aliye hai. Mzee mmoja aliinuka akaondoka.

Kuna mstari mmoja, nawawekea kwa Kiswahili (omena ni dagaa):

*Alitembea hadi Magunga na omena kichwani, mikono mitupu, akiimba.*

Mama akaninyooshea kidole. "Hapo amekosea."

Nikashusha karatasi.

"Mikono haikuwa mitupu. Mmoja ulikuwa umemshika yeye, huyu aliyeandika. Alikuwa mdogo, anakataa kutembea, navuta hivi." Akavuta hewa, tukaona. Mtu akacheka nyuma, kisha cheko likakatika. "Na sikuwa naimba. Nilikuwa namtisha anyamaze."

Nilimuuliza kama nirekebishe kabla ya kuchapa.

Akafikiri, mkono umelala juu ya sanduku. "Acha. Ukirekebisha, si yake tena. Endelea."

Nikaendelea mpaka mwisho.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Wale mnaoandika humu, na najua mpo wengi mnaojificha, kama kuna mtu anayesubiri maneno yenu, mpelekeeni hata kabla hayajakamilika. Hata yakiwa na makosa. Mwenye kuyarekebisha bado yuko.

Nyar Magunga yuko hai mpaka leo. Kitabu kimetoka, jalada kijani, na mstari ule uko ukurasa wa mwisho jinsi mwanawe alivyoukosea.

Niambieni, kwenu mtu aliye hai anaweza kusomewa la maziko yake? Na wewe ungeomba kusikia lako?