Pigo la Fundi Viatu

Fundi viatu wa kichochoro cha nyuma ya soko walimwita Gundi, na hakuwa na kinyongo, maana kweli alikuwa ameganda pale. Ukipita asubuhi unamkuta kwenye kigoda chake. Ukirudi jioni unamkuta na kiatu kingine mapajani, misumari midogo kaibana kwa midomo, anaongea kwa upande mmoja. Mkewe alimwachia binti mmoja, na huyo ndiye aliyekuwa roho yake. Alimsomesha kwa soli na visigino mpaka chuo, akitumaini atasoma kitu cha kueleweka, udaktari au angalau uhasibu. Binti akachagua falsafa ya siasa. Gundi akameza mate, akalipa ada.

Jioni binti alikaa kwenye benchi la wateja, akirudia masomo kwa sauti. Wiki ile alikuwa na mtihani juu ya mwanafalsafa mmoja wa karne iliyopita, mwanamke aliyeikimbia nchi yake watawala walipogeuka wauaji. Mama huyo, binti alieleza, alitaka kujua kwa nini majirani wenye adabu zao walishiriki mauaji, na kwa nini wachache walikataa. Waliokataa walijiuliza tu kama wangeweza kuishi na nafsi zao baada ya kutenda. Waliobaki walisema tumekosa sote, na ikawa hakuna aliyekosa.

Gundi akauliza kama huyo mama yao aliwahi kuibiwa sokoni. Binti akacheka, kisha akaitazama nyundo ya baba yake muda mrefu kidogo. Gundi aliona.

Kichochoro kile kilikuwa na utaratibu wake. Mwizi akikamatwa, kila kibanda kinampiga pigo moja, moja tu, kwa kifaa cha kazi. Hakuna kuzidisha, hakuna kukwepa. Polisi wakija hawapati shahidi, kwa kuwa hakuna aliyesimama pembeni. Na kila mtu anarudi kwake akijiambia kwamba pigo moja haliui. Gundi naye alishawahi kupiga, kwa nyundo, goti la mtu ambaye hakufika hospitali. Usiku ule alilala fofofo. Sasa, tangu binti aanze kurudia masomo yake, usingizi ule ndio uliomtesa.

Siku ya mtihani, adhuhuri, kelele zikaanzia kwenye bucha. Kijana mmoja ameiba simu ya mteja, wakasema. Seremala akampasua mgongo kwa ubao. Mchomeleaji wa mageti akamvunja mkono kwa nondo, na mlio wa mfupa ukasikika mpaka kwa Gundi. Mama wa chai, mpole yule, aliyekuwa akimletea Gundi tangawizi kila akikohoa, akammwagia birika zima kifuani. Mwenye bucha, kaka wa marehemu mkewe Gundi, akampiga mdomoni kwa kisigino cha shoka, meno yakadondoka vumbini. Kisha wakamburuta mpaka kwenye kigoda cha Gundi. Kilikuwa kibanda cha mwisho.

Kijana alibaki na kiatu kimoja. Gundi hakuikumbuka sura, na hata angeikumbuka, haikuwepo tena. Lakini mshono wa soli ile ulikuwa wa mkono wake mwenyewe.

"Leo sipigi," alisema.

Mwenye bucha akamsogelea taratibu. "Shemeji, usitutie matatani. Sote tumepiga. Ukibaki wewe, umebaki shahidi."

"Basi mimi ni shahidi."

Nondo ya mchomeleaji ikamwingia mbavuni kabla hajafunga mdomo. Akaanguka juu ya viatu vya watu. Mwenye bucha akamkanyaga kiwiko, akaunyoosha mkono wa kulia kwenye chuma cha kugongea soli, akainua shoka. Hapo ndipo binti alipotokea, anatoka kwenye mtihani, bado kavaa kitambulisho cha chuo shingoni.

"Mjomba, mwache baba."

"Tunadai pigo moja la kibanda hiki, mwanangu," mjomba wake akasema, wala hakupandisha sauti. "Apige yeye au upige wewe, mkono wowote utafaa."

Gundi akamwambia akimbie. Akamwambia mkono si kitu, mkono utapona. Binti akaokota nyundo, akamwinamia kijana. Alifumba macho, na kwa kuwa alifumba macho, nyundo ikaangukia kichwani. Kijana, aliyekuwa bado anakoroma damu, akatulia.

Mwenye bucha akashusha shoka, akamwinua shemeji yake, akampangusa vumbi na kumpa pole. Wakapekua mifuko ya maiti. Hapakuwa na simu.

Jioni, nyumbani, binti alinawa mikono mpaka ndoo ikaisha. Gundi, mbavu zimefungwa shuka, alimsogezea sahani, na binti hakuigusa. Mwishowe Gundi akashika lile lile la masomoni.

"Nitaishi na aliyepiga," akasema. "Ni mwanangu. Sina shida kuishi naye."

Binti akaviangalia viganja vyake.

"Wewe utaweza, baba," akasema. "Lakini anayeulizwa ni mimi."