Kioo cha Pikapu na Mwenye Gari

Juzi, kwa fundi vioo hapa Sumbawanga, mama mmoja alileta pikapu ya milango minne. Kioo cha mlango wa nyuma kilikuwa kimevunjika, na kwenye kiti kulikuwa na maboksi ya vifaranga.

"Niwekee kipya. Nawapeleka Chala, baridi hii itawaua."

Fundi akamgeukia mwanaume aliyeshuka naye. "Shikamoo mzee. Unasemaje?"

"Bandika nailoni tu, inatosha."

"Huyo nimempa lifti pale Izia," mama akasema. "Weka kioo."

Kikawekwa. Kisha fundi akamkabidhi mzee ufunguo.

Mimi, niliyekuwa nasubiri zamu yangu, nilikuwa na hoja tano tayari za kumtetea mama. Mama aliuchukua tu ufunguo, akawasha gari.

"Sasa mimi?" mzee akauliza.

"Muulize fundi, baba. Ndiye anayejua gari ni la nani."